Ubeti wa Tatu Hauna Maneno

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika pembe mbili, wanalivuta mpaka kitambaa kilie pa, kisha wanasogeleana, wanapokezana pembe, wanarudi nyuma na kusogeleana tena. Mama Mdogo amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, penye mvuke na harufu ya sabuni kali. Mwenzake wa shuka ni mwanamke ambaye kila mtu humwita Redio, kwa sababu hazimi. Redio huanzisha habari akiwa kule mbali na kuimalizia wakikutana katikati, pua kwa pua, na Mama Mdogo hujibu "mh" au "ehee" kulingana na uzito wake.

Siku moja Redio hakuwa na habari. Alikuwa anaimba, polepole, akifuata hatua zake. Walipokutana katikati Mama Mdogo hakupokea pembe. Shuka lilianguka sakafuni, na shuka likigusa sakafu pale, hata liwe safi vipi, linarudi kwenye mashine.

"Haya, umeniongezea kazi," Redio akasema. "Una nini?"

"Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Kanisani kwa kaka yangu, kule juu ya duka la rangi. Mtamu, eti? Ngoja usikie ubeti wa tatu, huo ndio wenyewe." Redio akafumba macho, akaimba: "So, so, la, so, mi. Fa, mi, re, re, do."

"Hayo si maneno."

"Ndio ubeti ulivyo, dada. Watu wanalia hapo."

"Wanalilia nini?"

"Nitajuaje? Mimi mwenyewe nalia."

Haya nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana ila kwenye jambo moja: Redio anasema Mama Mdogo aligeuka rangi, Mama Mdogo anasema ulikuwa mvuke.

Mama Mdogo ndiye aliyetunga wimbo huo. Au tuseme alitunga beti mbili na kuuacha.

Zamani alikuwa mwalimu wa kwaya, na sauti ya kwanza ilikuwa yake bila mpinzani. Mama yangu, ambaye ni dada yake, husema walipokuwa watoto akiita kuku wao, walikuja hata wa jirani. Kisha akaota rovu. Mwanzoni kilikuwa kiuvimbe kidogo shingoni, akakifunika kwa skafu, akanunua skafu nyingine, mpaka akawa hawezi kulala chali bila kukabwa. Madaktari wakasema ni lazima litolewe. Wakamwambia ukweli pia: mshipa wa sauti unapita karibu mno na hapo, kama waya wa umeme ndani ya ukuta unaotaka kuutoboa. Watakuwa waangalifu, lakini hawawezi kuapa.

Katika majuma ya kungoja upasuaji ndipo alipotunga. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa mtu anayebisha hodi. Ubeti wa pili, mtu huyo amekaa nje anasubiri. Wa tatu ungekuwa wa shukrani, mlango ukishafunguliwa. Huo hakutaka kuutunga mapema. Alisema huwezi kumshukuru mtu kwa chakula ambacho hujala. Unaweza ukala ukakuta hakina chumvi.

Kwenye mazoezi yake ya mwisho alifundisha wimbo mzima, sauti moja baada ya nyingine. Kwaya yao, kama kwaya nyingi, hujifunza noti kwanza, do re mi, na maneno huja kuvishwa juu yake baadaye. Kwa ubeti wa tatu aliandika noti tu ubaoni. "Imbeni hizi mzizoee," aliwaambia. "Maneno nitayaleta nikitoka hospitalini."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Rovu lilitoka, kidonda kikapona kikabaki kama uzi mwembamba wa mkufu. Sauti ndiyo haikurudi. Kwanza hakukuwa na kitu kabisa, baadaye ukaja mnong'ono, na mwisho ikaja hii aliyonayo mpaka leo, nzito na ya kukwaruza, kama kiti kinachoburutwa. Daktari alisema aipe muda. Aliipa. Wanakwaya walikuja kumjulia hali, wakanywa chai, wakaomba, na hakuna aliyethubutu kuuliza habari za ubeti. Mama Mdogo hakurudi kwenye kwaya. Kanisani aliendelea kwenda, ila alihamia benchi la nyuma karibu na mlango, akishika kitabu cha nyimbo kikiwa wazi na mdomo umefungwa. Ninaishi naye tangu nilipoanza chuo kikuu, na sikuwahi kumsikia akiimba hata akiwa anafagia. Niliwahi kumuuliza mara moja tu kama alikuwa amemkasirikia Mungu.

"Nimkasirikie kwa nini? Niliomba nipone na nimepona. Alinisikia," akasema. "Ila alisikia nusu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekusomea bei.

Kwa hiyo siku aliyorudi na habari za Redio, nilimkuta amesimama katikati ya sebule, mkoba begani, viatu hajavua.

"Wanakaa kwenye nyumba isiyoezekwa," aliniambia.

"Nani, Mama?"

"Watu wa juu ya duka la rangi! Wimbo wangu mimi, nimeuacha haujaisha, na wao wameuingia na magodoro yao. Jumapili nakwenda. Ama nikawape maneno, ama nikawakataze."

"Utawapa maneno gani?"

Hapo ndipo alipokaa.

Juma zima alihangaika na mistari minne. Alikuwa akinena peke yake jikoni, akikata kitunguu kwa mapigo ya wimbo. "Umenifungulia, Bwana," akaanza, akasimama. "Hapana. Mlango gani?" Akaanza tena: "Nimeingia, Bwana, nyumbani mwako..." Akatupa kisu kwenye sinki. "Uongo. Niko pale pale kwenye ngazi."

Mwishowe alinigeukia mimi. "Wewe ulisoma mashairi huko chuoni. Nipe mistari minne ya shukrani."

Niliandika. Nilihesabu mizani, nikatafuta vina, nikaandika upya kwenye karatasi safi. Aliisoma akiwa amenyoosha mkono mbali, maana miwani haipendi.

"Nzuri," akasema.

"Kweli?"

"Nzuri sana. Kama kadi ya pole." Kisha akaona uso wangu. "Usinune, mwanangu. Kosa si lako. Umeshukuru kwa jambo ambalo halijakupata." Akaikunja karatasi akaitia kwenye mkoba. "Nitaichukua hivyo hivyo. Asiye na koti hujifunika kanga."

Jumapili tulikwenda sisi wawili na Redio. Ukumbi ule uko ghorofani, na unapanda kwa ngazi ya chuma upande wa nyuma wa duka. Ndani kulikuwa na harufu ya tapentaini, viti vya plastiki vya rangi tatu, na feni iliyozunguka kwa kusitasita kama inayofikiria kuacha kazi. Redio aliwasalimia watu wote, hata wale waliokuwa wanaomba. Mama Mdogo alichagua mstari wa nyuma, nyuma ya nguzo. Mkoba aliupakata na kuushika kwa mikono miwili.

Kwaya ilisimama bila kiongozi. Walingoja. Mchungaji akatazama saa, akatazama mlango. Halafu akaingia mwanamume mrefu mwenye shati linaloning'inia upande mmoja, anapumua kwa haraka, na Mama Mdogo akanishika goti.

"Mungu wangu. Nipo Njiani!"

Ndilo jina walilompa katika kwaya ya zamani ya Mama Mdogo. Alikuwa na sauti ya tatu nzuri kuliko wote, na hakuna mazoezi aliyowahi kufika kwa wakati. Ukimpigia simu anakwambia "nipo njiani," na nyuma yake unasikia maji ya kuoga. Alikuwa amehama mtaa, na sasa ndiye mwalimu wa kwaya hii. Niliona Mama Mdogo anaanza kuelewa jambo na papo hapo kulipoteza.

Nipo Njiani akanyoosha mkono, wakaanza.

*Nimebisha, Bwana, mkono umechoka,*
*mwanga nauona chini ya mlango.*

Sikuwa nimewahi kuusikia. Mama Mdogo alikuwa anatazama mbele kama mtu anayetazama mtoto wake akivushwa barabara na mgeni.

*Nimeketi, Bwana, hapa ngazini pako,*
*nasikia nyayo, sijui za nani.*

Kisha ukaja ubeti wa tatu. So, so, la, so, mi. Sauti nne zilipanda na kushuka bila neno hata moja. Kwa mbele mwanamume mmoja aliinamisha kichwa kwenye kiti kilichokuwa mbele yake. Bibi mmoja aliyekaa jirani yetu alifumba macho na kuweka viganja wazi magotini. Redio alikuwa amenyamaza, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Ukumbi mzima uliimba, fa, mi, re, re, do, wakarudia, wakarudia tena, na mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Mara ya tatu walipoanza, sauti nzito ya kukwaruza ilitokea karibu yetu, chini ya zote. Mama Mdogo akageuka nyuma kwa hasira kumtazama mwenye sauti hiyo. Nyuma yetu kulikuwa na ukuta. Akamtazama Redio, akanitazama mimi.

"Ni wewe?"

"Si mimi, Mama."

Sauti ilikuwa imekatika aliposema. Akaweka vidole kwenye ule uzi wa shingoni. Kwaya ilikuwa inakaribia kwenye "do" ya mwisho. Akafungua mdomo kidogo, kama anayeonja kitu cha moto, na sauti ikarudi. Ilikuwa yake. Hakuimba kwa nguvu, na kusema kweli haikuwa nzuri. Ila aliishika "do" ile mpaka wengine wote wakawa wameiacha, na alipomaliza alitazama huku na huku kama aliyeamshwa kwenye basi asijue amefika kituo gani.

Baada ya ibada Nipo Njiani alituona. Alikuja akigonga viti njiani.

"Mwalimu! Mwalimu wangu! Ningejua unakuja ningewahi."

"Usiseme uongo kanisani. Huo ubeti wa tatu nani alikuambia uuimbe hivyo?"

"Si wewe?"

"Mimi?"

"Siku ile ya mwisho. Nilichelewa kidogo."

"Kidogo!"

"Nilichelewa. Nilipofika mlangoni mlikuwa mmefika ubeti wa tatu, mnaimba so, so, la, so. Nikasimama pale pale, sikuingia. Nikajiambia, huyu mama keshokutwa anapasuliwa shingo. Ameomba, amesubiri, sasa maneno yamemwishia, anampa Mungu noti tupu. Nilitoka pale nimeamini kitu, Mwalimu. Nilikuwa karibu kuacha kanisa mwaka ule, hukujua. Nikaja huku nikawafundisha vile vile."

"Maneno hayakuwa yameniishia," Mama Mdogo akasema. "Hayakuwa yamefika! Niliwaeleza wenzako mwanzo wa mazoezi. Wewe ulikuwa unaoga!"

Nipo Njiani akakaa kwenye kiti cha kijani. Wanakwaya wachache walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Kwa hiyo miaka yote hii tunaimba mazoezi?"

"Mnaimba mazoezi. Mbele za Mungu."

Akatazama dari, feni ikapita, ikapita tena. "Na Mungu hakusema kitu."

"Karibu kwenye chama," Mama Mdogo akasema.

Msichana mmoja wa sauti ya kwanza akacheka, akaziba mdomo. Lakini Nipo Njiani alikuwa amesimama tena, na sasa alikuwa na adabu ya mwanafunzi. "Basi tupe maneno, Mwalimu. Wimbo ni wako. Tukosoe tuuimbe unavyotakiwa."

Hilo ndilo alilokuja kulifanya. Akafungua mkoba. Niliona ukingo wa karatasi yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kazi yangu isisomwe. Akaitoa nusu. Kisha akamgeukia yule bibi wa viganja, aliyekuwa bado amekaa akivaa viatu vyake polepole.

"Shikamoo, mama. Naomba nikuulize. Pale wanapoimba noti, wewe moyoni unasema nini?"

"Marahaba. Mimi?" Bibi akafikiri kwa uaminifu. "Leo nilikuwa nafikiria maharage niliyoyaacha jikoni. Sikumbuki kama nilipunguza moto."

"Maharage."

"Siku nyingine nafikiria marehemu mume wangu. Siku nyingine nalia tu, sijui kwa nini, narudi nyumbani mwepesi." Akafunga kamba ya kiatu. "Mkitia maneno itabidi niyafuate hayo maneno. Lakini ninyi ndio wenye wimbo."

Redio akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Karatasi ikarudi ndani ya mkoba, na mkoba ukafungwa.

"Bado," Mama Mdogo akawaambia. "Maneno hayajafika. Endeleeni na noti."

"Mpaka lini?" Nipo Njiani akauliza.

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye mtaalamu wa kuchelewa."

Wakacheka wote, na nilidhani tutaondoka sasa. Lakini Mama Mdogo hakuondoka. Alikuwa anawatazama wale wasichana wa sauti ya pili kwa jicho ambalo sikulifahamu.

"Ninyi," akasema. "Pale kwenye 'fa' mnakimbia. Mnakimbilia 'do', kuna nini huko? Kaeni kwenye 'fa' kwanza hata kama hampapendi." Akataka kuwaonyesha. Mkono wake ukapanda ulikozoea, juu, kwenye sauti ya kwanza ya zamani, na hakuna kilichotoka ila hewa. Nilitazama sakafu. Kisha akaushusha mkono, chini kabisa, mpaka kiunoni, akaimba kutoka huko: "Fa... mi, re, re, do."

Wanaume wa besi wakageuka. Mmoja wao, fundi wa duka la chini mwenye rangi ya bluu kwenye kucha, akasema, "Jamani, tumepata mwenzetu."

"Bora besi kuliko bubu," Mama Mdogo akamjibu. "Haya, wote. Kutoka 'so'. Na wewe, Nipo Njiani, simama wima."

Tulirudi nyumbani jua likiwa limeshapita katikati. Karibu na lango letu akapunguza mwendo.

"Nilikwenda kuwakataza," akasema.

"Najua, Mama."

"Halafu nikaimba."

"Nilisikia."

"Sasa hicho ni nini?"

"Sijui, Mama."

"Na wewe umesoma."

"Hilo halikuwemo."

Akatafuta ufunguo kwenye mkoba, akaondoa karatasi yangu, akaondoa skafu, akaupata. Hakuuingiza kwenye kitasa mara moja. "Nilikuwa nikisema Mungu alisikia nusu," akasema akiuangalia mlango. "Sasa sijui ni nusu ipi. Labda nusu niliyoidhani ndiyo, siyo. Unanielewa?"

"Hapana."

"Hata mimi. Lakini si vibaya." Akafungua.

Siku hizi kila Jumamosi hupanda ile ngazi ya chuma kwenda mazoezini, na hurudi ananuka tapentaini. Nipo Njiani humsaidia, akifika. Ubeti wa tatu bado hauna maneno. Wapo wanaomwambia auache hivyo ulivyo, wapo wanaomwambia aumalize, naye huwakubalia wote, kisha jioni nasikia jikoni anaanza mstari, anauacha katikati, anaendelea kwa noti. Karatasi yangu niliiona juzi. Imekunjwa mara nyingi na kutiwa chini ya mguu wa ubao wa mazoezi, uliokuwa unayumba.

Juma lililopita nilimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani, nikamkuta kazini, katikati ya mvuke. Walikuwa wanakunja. Redio alikuwa kwenye habari ndefu ya shemeji yake, na Mama Mdogo, badala ya "mh" na "ehee," alikuwa anaimba chini chini, so, so, la, so, mi, akienda na kurudi na shuka lake.

Redio akakatisha habari. "Dada, hebu niambie leo. Huo ubeti maana yake nini?"

Walikuwa wamefika katikati, pua kwa pua. Mama Mdogo akafikiri, na kwa muda nilidhani atajibu, hata mimi nikasogea.

"Bado nauimba," akasema. "Shika pembe zako, shuka litaanguka."